Asal alistahili adhabu, na alistahili taji

Oktoba 2021, mjini Philadelphia, Mostafa Asal alikuwa nyuma kwa seti mbili kwa bila katika fainali ya US Open ya skwoshi. Alikuwa na umri wa miaka 20. Mpinzani wake, Mmisri mwenzake Tarek Momen, alimzidi miaka 13 na alikuwa ameshalivaa taji la dunia. Wengi waliona kazi imekwisha. Asal akazibeba seti tatu zilizobaki, akaondoka na kombe, na wafuatiliaji wa mchezo huo wakaanza kukisia kijana huyu atakusanya makombe mangapi kabla hajagonga miaka 30.

Oktoba 2022, mji uleule, mashindano yaleyale, bingwa mtetezi aliaga kwa uamuzi wa refa. Mpira alioupiga ulimgonga Mfaransa Lucas Serme na kumpasua ngoma ya sikio. Serme akapewa ushindi, na chama cha wachezaji wa kulipwa, PSA, kikamfungia Asal. Januari 2023, mjadala wa tukio lile ukiwa bado wa moto, orodha mpya ya ubora ikatoka. Namba moja duniani: Mostafa Asal.

Tangu hapo wapenzi wa skwoshi wamegawanyika kambi mbili zisizosikilizana. Ya kwanza inasema huyu ni mhuni aliyejaliwa kipaji. Ya pili inasema ni kipaji kinachoonewa kijicho na wazee wa mchezo, hasa wale wa Ulaya waliochoka kuwaona Wamisri wakitamba kila wiki. Kila kambi ina ushahidi wake, na kila kambi huukata ushahidi huo mahali panapoifaa. Wote wanamtazama Asal na kuusahau mchezo wenyewe. Skwoshi ni mchezo ambao sheria yake kuu inategemea hiari ya mchezaji kumpisha mwenzake, na kwa miaka mingi waliokuwa wakiulinda waliamini kwamba hiari hiyo haitakosekana.

Afrika Mashariki mchezo huu hauonwi na wengi. Viwanja vyake viko ndani ya klabu za wanachama, kama Gymkhana ya Dar es Salaam au Parklands ya Nairobi, na mpita njia hawezi kuchungulia kama anavyochungulia mechi ya mtaani. Kwa hiyo kabla ya kumhukumu mtu ni vizuri kuingia ndani ya chumba. Ni chumba kweli: kuta nne, urefu wa mita 9.75, upana wa mita 6.4. Hakuna wavu. Watu wawili wenye raketi wanasimama upande mmoja, wote wakiutazama ukuta wa mbele, wakigombea kimpira kimoja cha raba chenye kipenyo cha sentimita nne. Chini ya ukuta wa mbele kuna bati, na mpira ukiligonga hilo, pointi imepotea. Katikati ya sakafu mistari inakutana kwa umbo la herufi T. Hapo ndipo makao makuu. Anayekaa kwenye T hufika kona zote nne kwa hatua chache. Asiyekaa hapo hukimbizwa mpaka miguu iwe mizito.

Tatizo ni kwamba ukishapiga mpira wako, mara nyingi wewe mwenyewe ndiye kizuizi kilicho kati ya mpinzani na mpira. Hukukusudia. Umepiga tu, na mwili hauyeyuki. Sheria inakutaka, baada ya kumaliza mkono wako, ufanye kila juhudi kumwondokea mwenzako. Sheria inamhesabia mwenzako haki nne: auone mpira unaporudi kutoka ukutani, aufikie kwa njia iliyonyooka, awe na nafasi ya kupeleka raketi yake, na awe huru kuupiga kuelekea sehemu yoyote ya ukuta wa mbele. Akizuiwa, anasimama na kuomba. Refa ana majibu matatu: pointi irudiwe, pointi apewe aliyezuiwa, au ombi likataliwe.

Maneno yenye mzigo hapo ni “kila juhudi”. Nani anaipima juhudi? Katika mpira wa miguu refa hupima mguu uligusa nini. Katika tenisi, mstari hauna ubishi. Skwoshi inamtaka refa aingie ndani ya nia ya mtu aliye katikati ya mwendo wa kasi, kisha atoe jibu kabla watazamaji hawajamaliza kushusha pumzi.

Waliotunga utaratibu huu walikuwa watu wa aina moja. Mchezo ulizaliwa katika karne ya 19 Harrow, shule ya watoto wa wenye nacho nchini Uingereza, ukasafiri na maofisa wa jeshi na watumishi wa dola hadi Cairo, Karachi, Bombay na Nairobi. Walicheza na watu wanaojuana, ambao baada ya mechi wangekaa baa moja na kesho wangekutana ofisini. Hata leo mechi nyingi za klabu huamuliwa na wachezaji wenyewe, au na mtu aliyetoka kucheza na bado anavuja jasho. Mpira ukidunda mara mbili kabla hujaufikia, unatarajiwa ukiri mwenyewe. Mtu anayeziba njia kila mara hapewi kadi. Anakosa tu mtu wa kucheza naye. Hiyo ndiyo adhabu iliyoushikilia mchezo kwa zaidi ya karne, na katika mashindano ya kulipwa haipo kabisa, kwa sababu ratiba ndiyo inayokupangia mpinzani.

Misri iliupokea mchezo huo kutoka kwa watawala, kisha ikawanyang’anya. Katika miaka ya 1930 mwanadiplomasia Amr Bey alilitawala British Open, mashindano yaliyokuwa na hadhi ya ubingwa wa dunia. Mahmoud Karim akalichukua mara nne mfululizo kuanzia 1947 hadi 1950. Kisha zikaja enzi za Wapakistani wa ukoo wa Khan, waliofanya walivyotaka. Mwaka 1996 kiwanja cha vioo kilisimamishwa mbele ya piramidi za Giza, na kijana Ahmed Barada akafika fainali dhidi ya Jansher Khan. Alifungwa, lakini watoto wa klabu za Cairo na Alexandria walikuwa wameona. Mwaka 2003 Amr Shabana akawa Mmisri wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa kulipwa, na baada yake wakafuatana: Ramy Ashour, Mohamed ElShorbagy, Karim Abdel Gawad, Momen, Ali Farag.

Asal, aliyezaliwa Mei 2001, alikulia katika mazingira hayo. Mtoto wa Cairo anayecheza skwoshi hapati nafasi ya kuwa mpole. Ndani ya mji mmoja kuna watoto wengi wenye kiwango ambacho katika nchi nyingine kingewapa ubingwa wa taifa, na wanakutana tena na tena kuanzia wakiwa na umri wa miaka minane au tisa, wazazi wakiwa nyuma ya kioo. Asal alitoka humo akiwa bingwa wa dunia wa vijana mara mbili, Chennai mwaka 2018 na Kuala Lumpur mwaka 2019. Alipoingia kwa wakubwa alikuja na mwili mpana, sauti kubwa na jina la utani, Fahali Mwenye Hasira, ambalo hakulikana. Juni 2021 alimshinda ElShorbagy katika fainali ya mashindano ya kufunga msimu ya PSA, nyumbani Cairo. Miezi minne baadaye ikaja Philadelphia.

Ni rahisi kuzama katika ugomvi ukasahau kwamba mtu huyu anajua kucheza. Anaupiga mpira hewani kabla haujadunda kuliko wengi wa rika lake, jambo linalomnyima mpinzani muda wa kujipanga. Ana nguvu ya kuupeleka mpira ukashikamana na ukuta wa pembeni hadi kona ya nyuma, na ana mkono mwepesi wa kuudondosha mbele karibu na bati. Huweza kuishikilia raketi juu kwa kitambo, mpinzani akajitupa upande mmoja, naye akaupeleka mwingine. Mchezaji wa aina hiyo hahitaji ujanja wa kuzibia watu njia. Hiyo ndiyo sababu hasira dhidi yake imekuwa kali kuliko ingekuwa kwa mchezaji wa namba ya hamsini.

Tuhuma zenyewe ni za namna moja, ingawa zinakuja kwa sura nyingi. Akishaupeleka mpira kona ya nyuma, harudi kwenye T kwa njia ya mkato. Anazunguka kidogo, na mzunguko huo unapita palepale mpinzani anapotaka kupita. Akipiga mbele, mguu wake mmoja hubaki umenyooka sakafuni kama kizingiti, na mpinzani anaurukia au anaupita kwa mbali. Wakigusana, wakati mwingine kiwiko au kiganja kinamshika mwenzake nusu sekunde. Ukikitazama kitendo kimoja, utasema bahati mbaya. Ukitazama mechi nzima, unaona mpangilio. Ukitazama mechi kumi, unaelewa kwa nini kuna watu mtandaoni waliokaa usiku kucha wakikata vipande vya video na kuvirudisha polepole, hatua kwa hatua, kama wapelelezi.

Faida ya vitendo hivi haiko kwenye pointi moja, kwa kuwa pointi moja inaweza kurudiwa. Faida iko kwenye miguu. Mpinzani anayelazimika kukunja njia mara arobaini katika mechi hufika seti ya nne akiwa amekimbia zaidi ya ilivyostahili, na, baya zaidi, akiwa na hasira. Anaanza kumtazama refa badala ya kuutazama mpira. 

Halafu kuna hesabu ambayo walinzi wa mchezo hawakupenda kuipiga. Tuseme umeshazidiwa katika pointi fulani: mpinzani amekutoa kwenye T, na mpira unaofuata utakumaliza. Ukimzuia kidogo, si sana, jibu la kawaida la refa lilikuwa kurudia. Kurudia ni hasara kwa aliyekuwa anashinda na zawadi kwa aliyekuwa anashindwa. Soka iliwahi kuionyesha hesabu hiyo: Julai 2, 2010, mjini Johannesburg, Luis Suárez wa Uruguay aliuzuia kwa mkono mpira wa Ghana uliokuwa unaingia golini dakika za mwisho za nyongeza. Alipewa kadi nyekundu, Ghana ikapewa penalti, sheria ikafuatwa hadi nukta ya mwisho. Asamoah Gyan akagonga mwamba, na Uruguay ikasonga mbele. Bara zima liliona uchungu wa adhabu iliyotolewa kwa haki na bado ikawa nafuu kwa mkosaji. Sasa fikiria mchezo ambao adhabu ya kawaida haifiki hata penalti. Refa anasema tu, rudini mwanzo.

Kwa hiyo lawama ya kwanza ni ya Asal, na ya pili ni ya waliompangia bei ya kosa. Marefa wana silaha za kutosha kwenye karatasi. Kanuni za mwenendo zinawaruhusu kutoa onyo, kisha pointi, kisha seti nzima, kisha mechi. Silaha hizo hutumika kwa urahisi mchezaji anapotukana au kuvunja raketi, kwa kuwa tusi linasikika na raketi iliyovunjika inaonekana. Kuzibia njia kwa kurudiarudia ni kosa la mkusanyiko. Kila tukio peke yake ni dogo, na refa anayetoa seti nzima kwa sababu ya tukio dogo huonekana kichaa. Matokeo yake marefa wengi walimwachia, mpaka siku walipochoka na kumshukia kwa mpigo. Watazamaji wasioelewa waliona uonevu, na Asal mwenyewe hakukosa sababu ya kulalamika kwamba kitu kilichoruhusiwa Jumanne kilimgharimu mechi Alhamisi.

Tukio la Serme ni la aina nyingine na halifai kuchanganywa na mengine. Hapo hakukuwa na nusu hatua wala kiwiko. Mpira mdogo wa raba ukipigwa na mchezaji wa kiwango kile ni hatari kwa jicho na sikio, na kila mtoto anayefundishwa skwoshi huambiwa kabla ya jambo lolote jingine: ukiwa na shaka mwenzako yuko wapi, usipige. Simama, omba, pointi itarudiwa. Kanuni hii ndiyo sababu watu wawili wanaweza kufungiwa ndani ya chumba na raketi wakatoka wazima. Awe alikusudia au hakukusudia, Asal aliipuuza, na mtu mwingine akalipa kwa sikio lake. Kumfungia ilikuwa sahihi. Wanaodai adhabu ile ilitokana na chuki wangejaribu kukieleza kisa hicho mbele ya daktari wa masikio.

Mwaka 2023 alifungiwa tena. Safari hii hakukuwa na tukio moja la kutisha. Ulikuwa mrundikano wa mambo yaliyotajwa hapo juu. Na hapa PSA inastahili kuulizwa maswali yake. Kumfungia mchezaji kwa wiki kadhaa kwa makosa ambayo marefa wenu hawakuyaadhibu wakati yanatendeka ni kukiri kwamba marefa hawakupewa uwezo au msimamo. Mpinzani aliyeibiwa mechi mwezi Machi harudishiwi kitu na adhabu ya mwezi Mei. Fedha za zawadi zimeshagawanywa, pointi za orodha ya ubora zimeshahesabiwa.

Tena, chama hichohicho kilikuwa kinauza. Mchezo usio na nafasi kubwa kwenye televisheni ulipata ghafla mhusika ambaye hata wasiojua bati ni nini walitaka kumwona akishinda au akichapwa. Vipande vya ugomvi wake vilizunguka mitandaoni kwa kasi ambayo mkwaju safi haujawahi kuipata. Mabango yalimtangaza kwa jina la fahali. Huwezi kumwalika fahali sebuleni, ukakata tiketi, kisha ukashangaa vyombo vikivunjika.

Skwoshi ilishawahi kuwa na watukutu wake. Jonathon Power wa Canada, bingwa wa dunia wa mwaka 1998 na mtu wa kwanza kutoka Amerika Kaskazini kufika namba moja, aligombana na marefa kwa namna ambayo ingewafanya wazazi wawatoe watoto ukumbini. Alipostaafu mwaka 2006, muda mfupi baada ya kurudi kileleni, watu walimkumbuka kwa udanganyifu wa mkono wake na kwa raha ya kumtazama. Matusi yakageuka visa vya kuchekesha. Tofauti iko wazi: Power alimsumbua refa, wakati Asal amekuwa akimsumbua mtu anayecheza naye. Mdomo hauchoshi miguu ya mpinzani. Wanaosema Asal anaonewa kwa kuwa Mmisri au Mwarabu wakumbuke pia kwamba baadhi ya waliolalamika kwa uchungu zaidi ni Wamisri wenzake. Na wanaosema hakuna ubaguzi wowote katika mchezo uliotoka Harrow wasiwe wepesi kuapa; kijana wa Kizungu mwenye sauti kubwa huitwa ana ari, wa Cairo huitwa hana adabu. Mambo yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa siku moja.

Jambo lililowashangaza wengi lilitokea mwaka huohuo wa 2023, Asal alipoanza kufanya kazi na James Willstrop. Willstrop ni Mwingereza wa Pontefract, Yorkshire, aliyekuwa namba moja duniani mwaka 2012, mrefu, mtulivu, mwenye skwoshi ya vipimo na heshima ambayo vitabu vya kufundishia vingependa kuinakili. Mashabiki wa Uingereza walimtazama kama mchungaji aliyeonekana akitoka kwenye kilabu cha pombe. Ilibidi ajieleze. Lakini uamuzi wake ulikuwa na akili kuliko makelele yote ya mtandaoni, kwa sababu ulilichukua tatizo kama lilivyo, yaani suala la miguu. Mtu aliyezoea kutoka kwenye mpira kwa njia ya duara tangu utotoni haachi kwa kutukanwa. Anaacha kwa kufundishwa njia nyingine, mara elfu, mpaka mwili uikubali.

Je, aliacha? Kwa kiasi. Mechi zake za baadaye zina vipindi virefu vya skwoshi safi ambavyo mwaka 2022 vilikuwa adimu, halafu presha ikipanda, mguu ule hurudi. Anayetaka kumtetea ataonyesha vipindi vile. Anayetaka kumsulubu ataonyesha mguu. Kwa mtazamo wa mwandishi huyu, mabadiliko yapo na hayajatosha, na anayekataa nusu mojawapo ya sentensi hii hajamtazama kwa makini hivi karibuni.

Mei 2024 Cairo iliandaa ubingwa wa dunia, na fainali ya wanaume ikachezwa ndani ya Makumbusho ya Taifa ya Ustaarabu wa Misri, jengo linalohifadhi maiti za mafarao. Kila kitu kilikuwa kimeandaliwa kwa kijana wa nyumbani. Diego Elías wa Peru akamfunga seti tatu kwa bila na kuwa bingwa wa kwanza wa dunia kutoka Amerika Kusini. Elías hakumpa nafasi ya kubishana. Aliupeleka mpira mbali na mwili wa Asal, akaondoka mapema, akacheza kana kwamba refa hayupo. Kwa wanaodai kwamba Asal hushinda kwa kuziba njia tu, usiku ule uliwapa hoja. Kwa wanaojua mchezo, ulionyesha pia kwamba kuziba njia hakumwokoi mtu aliyezidiwa kwa kweli.

Mwaka mmoja baadaye, Mei 2025 mjini Chicago, alifika fainali tena. Mbele yake alikuwa Ali Farag. Kama mtunzi wa tamthilia angepewa kazi ya kumtafutia Asal kinyume chake, angemchora Farag: mhitimu wa uhandisi wa Harvard, bingwa wa dunia mara nne, mtu wa kukiri mwenyewe mpira uliodunda mara mbili, mpole kwa marefa hata walipomkosea. Wala hakuwa mpole wa kukaa kimya. Mwaka 2022 jijini London, akiwa na kipaza sauti mkononi baada ya fainali, aliuliza hadharani kwa nini wanamichezo wameruhusiwa kuizungumzia Ukraine na hawakuruhusiwa kuizungumzia Palestina. Siku ile ya Chicago alikuwa na umri wa miaka 33, magoti yakiwa yamechoka. Asal akamshinda na kuwa bingwa wa dunia. Farag akatangaza kustaafu muda mfupi baadaye.

Waliosema siku ile kwamba ni kilio kwa skwoshi walisema kwa hasira. Taji lile lilichezwa mbele ya marefa waliomjua Asal kuliko wanavyojijua wenyewe, kukiwa na video ya marudio, dhidi ya mpinzani aliyemjua vizuri. Alishinda kwa mpira. Kumnyima heshima ya ushindi huo kwa sababu ya sikio la Serme ni kumwadhibu mara ya tatu kwa kosa alilokwisha kulipia, na hakuna kanuni yoyote ya mchezo, wala ya mahakama, inayoruhusu hilo. Vilevile, kombe halifuti kilichotokea Philadelphia. Watu wanaomshangilia hawalazimiki kujifanya kwamba adhabu zile zilikuwa njama.

Lililobaki ni bei ya kosa, na hapo muda unakimbia. Baada ya kunyimwa nafasi kwenye Olimpiki za 2012, 2016 na 2020, skwoshi ilikubaliwa Oktoba 2023, katika kikao cha kamati ya kimataifa mjini Mumbai, kuingia Los Angeles 2028. Itachezwa kwenye eneo la Universal Studios, mahali watu wanapokwenda kuangalia mapapa wa bandia. Mamilioni ya watazamaji watauona mchezo kwa mara ya kwanza. Hawatakuwa na historia ya Harrow wala subira ya kuelezwa “kila juhudi” maana yake nini. Wakiona kila pointi ya tatu inasimama, watu wawili wananyanyua mikono na refa anasema rudini mwanzo, watahamia kwenye kuogelea.

Asal wakati huo atakuwa na umri wa miaka 27, umri mzuri kabisa kwa mchezaji wa skwoshi, na akiwa mzima hakuna atakayemweka nje ya orodha ya wanaowania dhahabu. Kumsubiri abadilike ndiko walikokuwa wakifanya wasimamizi wa mchezo tangu 2021. Dawa iliyopo ni ndogo na haihitaji sheria mpya: aliyezuia mpinzani aliyekuwa na nafasi ya kuufikia mpira apoteze pointi, mara ya kwanza na kila mara, bila kusubiri mechi iharibike, na onyo la mwenendo litolewe kwa miguu kama linavyotolewa kwa mdomo. Marefa wa kulipwa wamekuwa wakielekea huko kwa hatua za kusitasita. Mchezaji yeyote anayejua kuhesabu, na Asal anajua sana, ataacha kitendo siku kitakapokoma kulipa. Wapo wachezaji wengine wa daraja la juu, wasiotajwa sana kwa kuwa ni wapole wa sura, ambao nao wataikuta njia yao ya duara imekuwa ghali, na huenda ndio watakaolalamika kwa sauti kubwa kuliko yeye.

Hadi Julai 2028 kuna mashindano mengi ya kufanyia mazoezi uamuzi huo. Yaanzie kwenye raundi za kwanza, kwenye viwanja visivyo na kamera nyingi, kwa wachezaji ambao hakuna anayewapigia kelele.